KITI CHA MAGURUDUMU SI ZAWADI YA TAJIRI



Mfanyakazi akianguka kutoka juu ya jengo na kuvunjika uti wa mgongo, matajiri wengi wana desturi moja. Huleta kiti cha magurudumu, huita mpiga picha, humpa mkono mke wa aliyeumia, kisha hurudi ofisini wakihesabu kwamba deni limekwisha. Sisi tunasema halijakwisha. Tena tunawauliza: mmeleta kiti gani?

Maana kile wanacholeta ni kiti cha hospitali. Kimetengenezwa kwa kumtoa mgonjwa wodini na kumpeleka kupigwa eksirei, akisukumwa na mtu mwingine juu ya sakafu laini, kwa dakika chache. Kwa kazi hiyo ni kizuri, hatukitukani. Lakini mkalishe ndugu yetu humo tangu alfajiri hata usiku, kule Mukuru au Changamwe, na mvua imenyesha! Magurudumu madogo ya mbele yanazama topeni. Upana wake humlazimisha kutanua viwiko ndipo ayafikie magurudumu, na mabega yanakwisha. Baya zaidi ni vidonda. Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hasikii maumivu makalioni. Mfupa hukandamiza nyama, damu haipiti, ngozi hufa, na kidonda hicho kinaweza kumwua. Kwa hiyo mto wa kukalia ulio mzuri si starehe, ni kinga ya maisha yake. Mara ngapi mto huo umeletwa pamoja na kiti?

Anayeishi penye mashimo na mchanga humfaa kiti kirefu cha magurudumu matatu, kwa kuwa gurudumu lililo mbele sana hukizuia kupinduka kikigonga jiwe. Chumbani, hata hivyo, kitambana. Anayefanya kazi penye sakafu ngumu afadhali fremu isiyokunjwa, ambayo ni nyepesi na haipotezi nguvu za mikono. Kile cha kukunjwa, chenye vyuma viwili vilivyopishana chini, mtindo uliobuniwa Marekani katika miaka ya 1930, huingia garini kwa urahisi (kama kondakta wa matatu atakubali kusimama, na hilo ni shauri jingine). Mwenye safari ndefu na mikono yenye nguvu apewe baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono. Lakini hiyo haipiti mlangoni, basi atahitaji na kiti cha nyumbani. Aliyekatwa miguu yote miwili lazima ekseli yake isogezwe nyuma, kwani uzito wa miguu haupo tena mbele, na akipanda kilima ataanguka chali. Vile vya bei rahisi ekseli yake haisogei hata kidogo.

Haya si maneno ya chama peke yake. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2008 lilisema mtu apimwe, kiti kirekebishwe kimfae, afundishwe kukitumia, na afuatiliwe baadaye. Na sheria yetu ya 2007 ya fidia ya majeraha kazini yamtaka mwajiri alipe gharama za haki za vifaa vya aliyelemaa kazini, pamoja na kuvitengeneza na kuvibadilisha. Kuvibadilisha! Tairi huisha, beringi huisha, mto hubonyea. Zawadi hutolewa mara moja, lakini wajibu hauishi siku ya picha.

Watatuambia viti hivyo ni ghali. Je, kumweka karani au mshonaji mwenye akili timamu na mikono mizima ndani ya nyumba miaka ishirini, kwa sababu kiti hakivuki mtaro, ni rahisi?

Basi wawakilishi wa kila kiwanda, mkutano ujao wa mkataba msiweke sahihi mpaka haya yaandikwe: mfanyakazi aliyelemaa apimwe na mjuzi kabla ya kiti kununuliwa, apewe na mto, magurudumu yawe ya saizi ambayo fundi wa baiskeli aweza kuyaziba, na gharama za matengenezo zitoke kwa mwajiri. Atakayeletewa kiti kisichomfaa alete habari kwa katibu wa tawi, naye asitie kidole kwenye karatasi yoyote ya kupokea.