Nambari ya Msasa Haina Maana Moja

Kabla karatasi za msasa hazijaenea madukani, mafundi walisugulia mbao kwa majani ya mti uitwao msasa, ambayo hukwaruza kama ulimi wa paka. Karatasi ikarithi jina la mti. Ukali wa jani ulipimwa kwa kidole, lakini karatasi ya leo ina nambari iliyopigwa chapa mgongoni, na watu wengi huiamini nambari hiyo kama waaminivyo kilo ya sukari. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Tuseme askari aliyestaafu anajipatia karo ya watoto kwa useremala. Ametengeneza kabati zuri, amelipaka vanishi, na kila tabaka likikauka hulisugua kwa msasa nambari 400. Katikati ya kazi msasa umekwisha, naye anamtuma mtoto dukani kununua mwingine wa 400. Kabati linapomalizika, ubavu mmoja unang'aa na ubavu wa pili una mikwaruzo inayoonekana kila mwanga ukipita juu yake. Mteja anadai apunguziwe bei. Fundi anailaumu vanishi, mteja anamlaumu fundi, na kumbe kosa halipo kwa yeyote kati ya hao.

Ipo kanuni ya Marekani ya kupanga punje za msasa, ipo ya Ulaya, na ipo ya Japani. Msasa uliofuata kanuni ya Ulaya hutambulikana kwa herufi P mbele ya nambari, yaani P80, P120, P400. Ule wa Marekani kwa kawaida huandikwa nambari peke yake. Katika kanuni zote, nambari ikipanda punje hupungua ukubwa. Lakini hazipungui kwa mwendo mmoja.

Sababu yake ni hii. Punje kubwa huchekechwa kwa chekeche, na asili ya nambari ni hesabu ya matundu ya chekeche katika urefu wa inchi moja. Kwa hiyo hadi kufikia nambari 220 kanuni za Marekani na Ulaya hazitofautiani sana. Msasa wa 60 una punje zenye upana wa mikroni 268 au 269 kwa kanuni zote mbili, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Punje ndogo zaidi ya hapo hazichekecheki vizuri. Hizo hupimwa kwa kutazama jinsi zinavyozama katika maji, nzito zikitangulia na nyepesi zikichelewa. Tangu hapo nambari si hesabu ya matundu tena, bali ni jina tu, na kila kanuni imejitungia majina yake.

Ndiyo maana nambari 400 ya Marekani ni punje za mikroni 23 hivi, ile ya Japani ni mikroni 30, na P400 ya Ulaya ni mikroni 35. Msasa wa pili wa fundi yule ulikuwa na punje zilizozidi zile za kwanza kwa nusu nzima. Kama angalitaka kuendelea na ulaini ule ule, ilimpasa kuomba P800, ambayo ni mikroni 21.8.

Yafaa fundi ayaandike haya ukutani mwa karakana yake. Nambari 240 ya Marekani hukaribiana na P280. 320 hukaribiana na P400. 400 hukaribiana na P800. Na 600 hukaribiana na P1200. Nambari 400 ya Japani hukaribiana na P500.

Jambo hili halimhusu seremala peke yake. Mama wa nyumbani anayenunua jiwe la kunolea visu vya jikoni naye hukutana na nambari. Jiwe la 1000 kwa kanuni ya Japani lina punje za mikroni 11.5 hivi. Msasa wa P1000 una mikroni 18.3, kwa hiyo hauwezi kushika nafasi ya jiwe hilo. Makali yatatoka na meno. Tena Ulaya wanayo kanuni nyingine kwa mawe ya kusagia, yenye herufi F, na humo F1000 ni mikroni 4.5 tu. Nambari ni ile ile, lakini punje za P ni kubwa mara nne kuliko za F. Kweli, kila mlango na ufunguo wake.

Anayekwenda dukani na asitazame nambari tu. Atazame kwanza kama pana herufi mbele yake. Akimtuma mtoto, ampe kipande cha msasa uliokwisha, akionyeshe kwa mwenye duka, kisha mgongo wa karatasi mpya ulinganishwe na mgongo wa ile ya zamani. Kazi moja ni bora ikamilishwe kwa msasa uliofuata kanuni moja, tangu wa kukwangua hadi wa kulainisha.

Na ikiwa chapa imefutika, au herufi haipo na muuzaji hajui, kipo kipimo cha mwisho kisichogharimu kitu. Chukua kipande cha ubao wa aina ile ile, usugue nusu kwa msasa wa zamani na nusu kwa mpya, upake vanishi, kisha ukishike upande upande kuelekea dirishani. Mikwaruzo ikionekana upande mmoja tu, msasa ule ubakizwe kwa kazi nyingine. Ni heri kuharibu kipande cha ubao kuliko kabati la mteja ambalo karo ya muhula inalingojea.