Jiko la mama lishe halifuatwi kilomita mbili
Na Zuhura Mbaruku

Wakubwa wa jiji wakiamua kusafisha barabara, mama lishe hutiwa kapu moja na muuza soksi. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2021, wamachinga wa Dar es Salaam walipotakiwa kuhamia maeneo yaliyotengwa. Mteja wa mitumba anaweza kufunga safari, maana shati likikosekana leo litanunuliwa Jumamosi. Njaa ya saa saba mchana haiahirishwi hivyo. Kuli wa Kariakoo ana dakika chache na hela ya kuhesabu. Jiko likisogezwa kilomita mbili, atashinda na chai na andazi. Huko Manzese na Tandale, kijana aliyepanga chumba kimoja anajua kuwa kuwasha mkaa kwa ajili ya tumbo moja ni hasara kuliko kununua sahani ya wali maharage. Hapo ndipo biashara hii inapokulia, si kwenye ukaidi wa wapishi.

Watasema ni uchafu, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kipindupindu kilipolipuka jijini Agosti 2015, chakula cha barabarani kilipigwa marufuku. Lakini ugonjwa huo hauzaliwi kwenye sufuria ya maharage inayochemka. Huletwa na maji machafu na vyoo vibovu, ukapitia kwenye kachumbari na beseni linalooshea sahani zote. Anayemdai mpishi usafi bila kumpa bomba anamdai asichoweza kulipa.

Wenye migahawa nao hulalamika kwamba wao wanalipa pango na kodi. Ni kweli. Ila tazameni vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vya Sh20,000 vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka. Ukiacha Jumapili, hizo hazifiki Sh13,000 kwa siku. Kwa sahani ya Sh2,000, saba tu zinamvusha mpishi mpaka huo, kabla hajatoa hela ya mchele, mafuta na mkaa. Kipimo kilitazama mauzo, kikasahau faida. Wengi wangelipa ushuru wa kila siku bila kinyongo kama ungewanunulia bomba, mtaro na uhakika wa kuikuta meza kesho.

Anayeziba njia ya waenda kwa miguu aondolewe, sina ubishi. Lakini asogezwe hatua hamsini, palepale wateja wake wanapomwona.