Dhamana ya Ndoa Isiwe Pingu

Nikiwa mwanaisimu, neno “mdhamini” hunishughulisha. Mdhamini hujitwika jukumu la mwenzake, hammiliki. Tofauti hiyo ilipuuzwa nchini Kanada mnamo Oktoba 2012. Serikali, ikinuia kukomesha ndoa za hila, iliamuru baadhi ya wenzi waliodhaminiwa waishi na wadhamini wao kwa miaka 2, la sivyo wangeweza kupokonywa ukaazi wa kudumu. Naam, aliyeteswa aliruhusiwa kuondoka, lakini kwanza athibitishe mateso yake mbele ya maafisa. Ni wangapi, wageni wa nchi na wa lugha, wangethubutu? Sharti hilo lilifutwa Aprili 2017, serikali ikikiri kwamba lingeweza kumfunga mtu katika ndoa ya mateso.

Hapa kwetu, sheria ya 2011 humruhusu mwenzi wa Mkenya kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3 ya ndoa. Kungoja si dhuluma. Dhuluma huanza pale mwenzi mmoja anapoishika mkononi hatima ya mwingine. Walaghai na wasakwe, lakini asikabidhiwe mume wala mke rungu la serikali ndani ya nyumba yake.