Adabu ya Njia Panda



Kila asubuhi, kabla ya saa moja na nusu, njia panda zetu za Lubumbashi hufanana na mtihani ambao hakuna aliyejiandaa kuufanya. Teksibasi zitokazo Kenya na Katuba zinasukumana kuelekea mjini, kila reseva akining'inia mlangoni na kuita abiria kwa sauti iliyokwisha kukauka. Lori lililopakia shaba linatafuta njia ya Kasumbalesa. Motari wanapenya kulia na kushoto kama maji yapenyavyo katika mawe. Mama mmoja, beseni la mboga kichwani, amesimama ukingoni, mguu mmoja barabarani na mwingine kando, akingoja mtu mmoja tu apunguze mwendo. Na katikati ya hayo yote yumo askari wa barabarani, yule tunayemwita "roulage", filimbi mdomoni, jua likianza kumpiga utosini.

Tukiulizwa raia hukutana wapi na serikali, pengine tutataja bunge au korti. Lakini wengi wetu hatujapata kukanyaga mahali hapo. Serikali tunakutana nayo hapa, mkono wake ukiwa umeinuliwa kutusimamisha. Tukiulizwa tena tunakutana wapi na jirani, tutataja jumuiya, shirika, uwanja wa kanisa baada ya Misa. Lakini jirani wa kwanza wa siku ni yule mama wa beseni, ambaye hatumjui jina na tunampita kwa kasi.

Nataka kutetea neno moja: kwamba ukatili wetu mdogo kwa wenzetu barabarani, na noti tunayoificha katika kiganja cha askari, ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Katika yote mawili tunasema jambo lilelile: mimi nina haraka, wengine watajua la kufanya.

Sisemi hayo kama mtu asiye na doa. Mwaka mmoja uliopita nilichelewa kwenda mkutano wa vijana. Nilipanda pikipiki ya kijana mmoja anayeegesha karibu na parokia yetu, kijana mpole, ambaye nilikuwa nimezoea kupanda naye. Njiani aliniambia, akicheka, kwamba breki ya mbele imekufa na ile ya nyuma "inafikiri kwanza". Nami nilicheka. Mbele kidogo askari akatusimamisha, akaomba karatasi. Kijana hakuwa na permi wala bima. Askari aliizunguka pikipiki, akaibonyeza breki, akatikisa kichwa. Alikuwa ameona. Kwa dakika moja kazi yake aliifanya vizuri kabisa.

Mimi ndiye niliyeiharibu. Nilitazama saa, nikatoa noti ya faranga 5,000, nikaikunja, nikampa mkono kama anayeaga. Hakuniomba. Alinitazama kidogo, akaitia mfukoni, akatupisha. Nilifika mkutanoni kwa wakati, na nakumbuka kwamba siku hiyo tulizungumza juu ya wajibu wa kijana mkristu katika jamii.

Wiki tatu baadaye pikipiki ileile ilishindwa kusimama kwenye kona ya soko. Ilimgonga mama muuza mandazi, ikamvunja mguu. Aliyekuwa akiendesha ni yuleyule kijana mpole, na alilia kuliko mama mwenyewe. Nilipokwenda kumtazama mama yule hospitalini nilipeleka matunda na sabuni, na akanishukuru sana. Sikuweza kumwambia kwamba nilikuwa nimeshiriki. Siku ile nililipia haki ya pikipiki isiyo na breki kuendelea kutembea mjini, na bei yake ilikuwa faranga 5,000.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule tunaouita "mchezo" kati ya dereva na askari si mchezo wa watu wawili. Yuko mtu wa tatu, ambaye hayupo pale wakati wa mapatano na ambaye hakuulizwa. Ndiye anayelipa.

Najua hoja inayotolewa dhidi yangu, na si hoja ya kudharauliwa. Husemwa: "Askari huyu anasimama juani tangu alfajiri. Mshahara wake ni mdogo, na pengine umechelewa. Ana watoto kama wewe. Kumpa matabishi ni huruma." Wengine huongeza kwa kicheko kile kifungu cha 15 ambacho hakimo katika katiba yoyote lakini kila Mkongomani anakijua kwa moyo: jitafutieni wenyewe.

Ni kweli kwamba askari wengi wanaishi kwa shida, na asiyeliona hilo hana macho. Lakini tujipime kwa swali moja jepesi: je, ungempa fedha hiyo kama asingekusimamisha? Kama ni huruma, mpelekee maji siku ambayo karatasi zako ziko sawa na hana la kukudai. Msalimu, mwulize habari za nyumbani, umpe kikombe cha chai mbele ya watu wote. Zawadi humtazama mtu usoni. Hongo hutazama njia iliyo nyuma yake. Tukiiita hongo kwa jina la huruma, tunaikosea huruma yenyewe, na tunamnyima askari haki ya kudai mshahara wake mahali unapopaswa kutoka, kwa maana kila mwenye mamlaka atasema: "Hao wanajilipa wenyewe barabarani."

Lakini ipo dhambi ya upande wa pili, ambayo vijana tunaipenda zaidi kwa sababu inafanana na ushujaa. Ni dharau. Tunampigia askari miluzi, tunamwita mwizi kabla hajafungua kinywa, tunashangilia dereva anapomkwepa na kumwachia vumbi. Nimesikia teksibasi nzima ikipiga makofi kwa sababu dereva alikataa kusimama. Walioshangilia walisahau kwamba wao ndio waliokuwa ndani, na kwamba asiyesimama kwa askari hatasimama kwa mtoto wa shule.

Jiji la Kinshasa lilipata mwaka 2013 roboti za kuongoza magari, zilizobuniwa na mhandisi mwanamke Mkongomani, Thérèse Izay Kirongozi: vyuma virefu vinavyotumia nguvu za jua, vyenye kamera na taa, vikigeuka na kuinua mikono katikati ya njia panda. Tuna haki ya kujivunia akili ya dada yetu huyu. Lakini sifa ambayo watu wengi walizipa roboti hizo inatuhukumu: walisema ni bora kwa kuwa hazili hongo wala hazigombani na mtu. Tumefika mahali ambapo tunaheshimu chuma kwa urahisi kuliko tunavyomheshimu binadamu mwenye nafsi. Na chuma hakiwezi kufanya lile ambalo binadamu aweza: kumwona mama wa beseni akiogopa, na kusimamisha mji mzima kwa ajili yake.

Adabu ya barabarani nayo haikuachwa kwenye hiari ya mtu. Nchi yetu ina sheria ya barabara tangu tarehe 30 Agosti 1978, Sheria namba 78-022. Ndiyo inayotutaka tuendeshe upande wa kuume na tutii ishara za askari aliye kazini. Sheria hiyo ni namna ya kuandika kwa maneno makavu kile ambacho wazee wetu walikiita heshima: kumpisha aliye na haki ya kupita, na kumchukulia asiye na nguvu kuwa mtu. Hapa Lubumbashi tunahitaji heshima hiyo zaidi, kwa kuwa magari mengi yaliyotufikia yana usukani upande wa kuume, hali sisi twaendesha upande huohuo. Dereva wa gari kama hilo akitaka kulipita lori haoni yanayokuja mbele mpaka gari lake lote limekwisha kutoka nje. Abiria wa teksibasi za namna hiyo mara nyingi hushukia upande wa magari yanayopita. Katika hali hiyo subira ya dakika moja ndiyo inayotenganisha safari na msiba.

Wala tusidhani kwamba ni jambo la wazee wenye magari. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani huua watu karibu milioni 1.19 kila mwaka ulimwenguni, na kwamba ndizo sababu ya kwanza ya vifo kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ndio wenu. Ni umri wa watoto wanaotoka katekisimu na wa vijana wanaojitafutia riziki kwa pikipiki.

Kanisa pia limelitazama jambo hili kwa uzito kuliko wengi wanavyojua. Mwezi Juni 2007 idara ya Vatikano iliyokuwa ikishughulikia wahamiaji na wasafiri ilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi kwa waendeshaji. Ya kwanza ni ileile ya Sinai: usiue. Nyingine zinataka adabu na busara, zinakataza gari kuwa chombo cha kujikweza na kutawala, na zinaagiza aliye dhaifu zaidi njiani alindwe. Waliocheka waliposikia habari hiyo walidhani Roma imeishiwa mambo ya kusema. Sidhani kama mama wa mandazi angecheka.

Mwaka huohuo wa 2007, huko Goma, kijana mwenzetu Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981, aliuawa. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa. Alikataa fedha ili vyakula vilivyoharibika visiingie sokoni, na kwa kukataa huko alipoteza uhai. Baba Mtakatifu Fransisko aliwatajia vijana jina lake katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri mjini Roma. Tunampenda, tunaweka picha yake. Lakini tufikiri vema juu ya kile alichokiona. Aliwaona watu wa tatu: wale ambao hawakuwapo mezani, mama ambaye angenunua chakula hicho, mtoto ambaye angekila. Kwake fedha ile ilikuwa na sura za watu. Hatuitwi wote kufa kama yeye. Twaitwa wote kuona kama alivyoona, hata mbele ya noti ya faranga 5,000.

Basi tufanye nini? Naleta mambo manne, yaliyo madogo kiasi cha kuanza Jumatatu.

Kwanza, tukisimamishwa, tusimame. Tuzime mashine, tumsalimu askari kama tunavyomsalimu baba au kaka, tutoe karatasi. Tumwulize kwa utulivu ni kosa gani. Kama kosa lipo, tulikubali, tulipe faini mahali pa kulipia na kudai kwitansi. Kama halipo, tuseme hivyo bila matusi, na tuwe tayari kuchelewa. Ukweli una gharama yake, na mara nyingi gharama hiyo ni saa moja.

Pili, abiria asijifanye mzigo. Dereva akikimbia mno, aliyeketi ndani ana kinywa. Mmoja akisema, "Baba, pole pole, tunawahitaji watoto wetu," wa pili ataitikia, na wa tatu.

Tatu, wale wetu walio motari wasaidiwe, badala ya kuhubiriwa tu. Tunajua likelemba. Kwa nini vikundi vya Kizito-Anuarite, vya Xaveri na vingine visifungue likelemba ya permi, ya bima, ya breki? Kijana yule hakuwa mwovu. Alikuwa maskini na peke yake, na sisi tuliomfahamu tulimpa vicheko badala ya breki.

Nne, tuwape askari nao haki ya kuambiwa ukweli kwa heshima. Wengi wao ni waamini wa parokia zetu. Huwaoni Jumapili kwa sababu wamevaa shati jeupe. Kiongozi wa vijana na amwalike mmoja aje aeleze kazi yake, naye asikie kutoka kwetu kwamba kurukia usukani wa gari linalotembea au kunyang'anya ufunguo si kazi ya sheria. Watu waliokwisha kuketi pamoja hawaumizani kwa urahisi njiani.

Kuhusu noti yangu, nilirudi kwa yule mama alipoanza tena kuuza, akiegemea fimbo. Safari hii nilimweleza yote. Alinyamaza muda mrefu, akigeuza mandazi katika mafuta. Kisha akaniuliza: "Na yule mtoto wa pikipiki, breki amekwisha kutengeneza?" Sikuwa na jibu. Hakuwa ameniulizia habari za mguu wake, wala za fedha yangu. Aliuliza habari za mtu atakayepita baada yake.

Jioni ile nilikwenda kumtafuta kijana. Tulitengeneza breki zote mbili.