Maksi za Afya ya Jamii Zitoke Kisimani

Wenzangu wa kikundi, leo nasema wazi. Mwenye kukasirika akasirike, halafu anijibu hapa hapa.

Wanafunzi wa chuo kikuu wanaosomea afya ya jamii wanatushukia kambini karibu kila muhula, fulana mpya, daftari mpya. Wanakusanya watu chini ya mwembe, mmoja anashika kipaza sauti: nawa mikono, chemsha maji, lala kwenye neti. Kwa Kiingereza! Sisi wa kujitolea ndio tunageuza kwa Kiswahili, kwa Kikakwa, kwa Kiarabu cha Juba. Halafu picha, karatasi za maswali, na jioni wamerudi Arua mjini. Chuo gani, sitaji, maana mtindo ni mmoja.

Mimi nimeishia sekondari, najua mtasema huyu anamfundishaje profesa. Lakini somo lao nimelisoma kwenye simu. Mwaka 1986, kwenye mkutano wa Shirika la Afya Duniani mjini Ottawa, Kanada, ulitoka mkataba ambao mpaka leo wanaukariri. Unataja kazi tano: sera zinazolinda afya, mazingira yanayomsaidia mtu kuwa mzima, jamii kuwa na nguvu ya kujiamulia, maarifa ya mtu mwenyewe, na huduma za afya zitazame kinga, si tiba peke yake. Hesabu sasa. Ule mkutano wa mwembe uko kwenye la nne tu. Mengine manne wanayaandika kwenye mtihani, wanapata A, basi.

Kipimo cha Sphere, ambacho mashirika yenyewe yanakitumia, kinasema mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na pampu moja ya mkono isizidi watu 500. Nyumba ya watu 6 ni lita 90. Hizo ni jerikani nne na nusu, kila siku, kichwani kwa mama au kwa binti ambaye angekuwa darasani. Mwanafunzi akizibeba hata wiki moja tu, hatauliza tena eti kwa nini hamnawi mikono. Atauliza pampu hii ina watu wangapi, spana anayo nani, vipuri vinauzwa wapi, kamati ya maji ilikaa lini mara ya mwisho. Na barua ya kwenda ofisi ya maji ya wilaya ataiandika yeye, si ndiye msomi?

Mtanijibu kwamba kuelimisha kunaokoa watu. Sikatai, kipindupindu hakingoji fundi. Lakini tazameni malale, ugonjwa wa hapa hapa kwetu. Mwaka 2022 WHO ilithibitisha kwamba Uganda imemaliza malale ya aina ya gambiense kama tatizo la afya ya umma, na aina hiyo ilikuwa ya huku West Nile, Koboko na Arua zikiwemo. Watu walipimwa, wagonjwa wakatibiwa, na kando ya mito vikawekwa vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi na dawa ya kuua mbung'o. Kitambaa kile hakina askari. Kijana akikitaka kuziba begi lake la shule, anang'oa tu. Kinabaki kwa sababu watu wa mtoni wamekubali kibaki, na kukubali huko hukupati kwa hotuba ya saa moja.

Kwa hiyo wakae mwezi mzima, siyo siku moja. Wajifunze kusalimia na kuuliza kwa lugha moja ya huku kabla hawajapanda gari. Nusu ya maksi zitolewe na kamati ya maji na akina mama wa kisimani: ni kitu gani kimetengenezeka tangu mje?

Na VHT alipwe. Mhadhiri akija kusimamia, usafiri na chakula vinahesabiwa. VHT aliyewatembeza nyumba kwa nyumba juani anapewa soda. Nyinyi mliobahatika kusoma chuoni, jibuni: nani kati yenu ameandika jina la VHT kwenye ripoti yake?