Pingamizi dhidi ya mageuko: Utajuaje kama makala ya Wikipedia ni nzuri?

Mwanafunzi akitafuta habari za mageuko ya viumbe kwenye simu, Wikipedia mara nyingi huwa kati ya majibu ya kwanza. Kamusi elezo hiyo ilianzishwa Januari 2001. Huandikwa na watu wa kujitolea, na karibu mtu yeyote anaweza kuihariri. Toleo lake la Kiingereza lina makala nzima kuhusu pingamizi dhidi ya mageuko. Je, makala inayogusa imani za watu kiasi hicho hupimwaje ubora?

Mvutano wa siku nyingi

Charles Darwin alichapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi mwaka 1859, na ubishi haujaisha. Mwaka 1925, mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 katika jimbo la Tennessee, Marekani, kwa kufundisha mageuko ya binadamu. Nchini Kenya, mwaka 2006, Askofu Boniface Adoyo alipinga jinsi makumbusho ya Nairobi yalivyotaka kuonyesha mabaki ya kale, yakiwemo ya mvulana wa Turkana yaliyopatikana 1984.

Uzito wa ushahidi

Wikipedia huzipa makala madaraja. Makala fupi isiyokamilika huitwa mbegu, na daraja la juu hutolewa baada ya wahariri wengine kuichambua. Wanadai kila hoja yenye ubishi iwe na chanzo, na mwandishi asichukue upande.

Wengi hudhani kutochukua upande ni kugawa nafasi nusu kwa nusu. Sivyo. Baraza la ardhi husikiliza pande zote mbili, lakini huamua kwa ushahidi, si kwa wingi wa maneno. Karibu wanabiolojia wote wanakubali mageuko, na makala ikificha hilo inapotosha. Ikiwadhihaki wanaopinga, nayo ina kasoro.

Pingamizi mbili

La kwanza: "Hiyo ni nadharia tu." Makala nzuri hueleza kwamba mtaani nadharia ni dhana, bali katika sayansi ni maelezo yaliyopimwa kwa ushahidi. Kwamba vijidudu husababisha magonjwa ni nadharia pia, na hospitali zinaitegemea kila siku.

La pili: "Hakuna aliyeona mageuko yakitokea." Hapa jibu liko karibu nasi. Vimelea vya malaria vilipata usugu dhidi ya klorokwini, na mwaka 2001 Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Vimelea vilivyostahimili dawa ndivyo vilivyobaki na kuzaliana.

Lakini makala isiishie hapo. Wapinzani wengi hukubali mabadiliko madogo kama hayo, wakikataa kwamba aina moja ya kiumbe inaweza kutokana na nyingine. Makala ikikwepa hoja hiyo, imejibu swali rahisi na kuacha gumu. Inapaswa kuonyesha ushahidi wa mabaki ya kale na wa vinasaba.

Vilevile isiwaweke waumini wote kapu moja. Mwaka 1996, Papa Yohane Paulo II alisema mageuko ni zaidi ya dhana.

Ufanye nini?

Daraja zuri si dhamana ya milele, kwa kuwa makala inaweza kubadilishwa kesho yake. Fungua sehemu ya historia uone nini kimebadilishwa na lini, kisha ukurasa wa majadiliano uone wahariri wanabishania nini.

Halafu jiulize: Kila dai limeonyeshwa lilikotoka? Anayepinga mageuko akisoma, atasema, "Naam, hiyo ndiyo hoja yangu"? Mwanabiolojia naye ataitambua sayansi yake? Jibu likiwa hapana hata kwa swali moja, mwambie mwanao asinakili bado. Atafute chanzo kingine, au amuulize mwalimu wake.