BAHATI MBAYA INAONDOA DHAMBI, HAIONDOI DENI

Bismillahir Rahmanir Rahiim.


Ndugu zangu katika imani, leo nina maneno machungu kidogo. Nivumilieni mpaka mwisho. Atakayeona yamemgusa asikasirike, ajirekebishe.

Dada mmoja ameniletea malalamiko yake. Anashona nguo nyumbani, na watoto watatu wanakula kwa cherehani hiyo. Wifi yake alikuja kukaa nao siku chache. Usiku akaisogeza cherehani bila kuuliza, apate nafasi ya kutandika godoro. Ikaanguka. Fundi akasema matengenezo ni shilingi 90,000. Dada akamwomba wifi achangie angalau nusu.

Basi! Kikao kikaitwa. Mama mkwe yupo, shemeji yupo, shangazi yupo. Akaambiwa: "Yaani unamdai wifi yako? Kwani alikusudia? Hiyo ni qadar ya Allah. Samehe yaishe." Dada akainamisha kichwa, akasema, "Nimesamehe." Sasa ni wiki ya tatu, vitambaa vya wateja vimekaa ndani havijaguswa, na jina alilopewa ukweni ni MCHOYO.

Nakuuliza wewe unayesoma: hapo mchoyo ni nani? Ni yule aliyeomba nusu ya haki yake, au ni wale waliogawa haki ya mtu mwingine bila kutoa hata shilingi mia mifukoni mwao?

"SIKUKUSUDIA"

Hili ndilo neno letu kubwa. Mtu akishasema "sikukusudia" anadhani faili limefungwa. Ndugu yangu, umechanganya mambo mawili. Kutokusudia kunakuondolea DHAMBI mbele ya Allah. Na hiyo ni rehema kubwa, alhamdulillah. Lakini haki ya mja mwenzako ni jambo jingine.

Unataka ushahidi? Fungua Suratun Nisaa, aya ya 92. Allah anazungumzia mtu aliyemuua muumini kwa bahati mbaya. Hakukusudia kabisa. Je, ameambiwa nenda zako? Hapana. Ameamrishwa kafara, na ameamrishwa diya ikabidhiwe jamaa wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiisamehe iwe sadaka. Sasa ikiwa roho iliyotoka bila kukusudia ina malipo, wewe cherehani ya watu umeiona nini?

Na tazama hapo hapo nani amepewa ruhusa ya kusamehe. Ni wenye haki. Si jirani, si mwenyekiti wa kikao, si mama wa aliyekosea.

Na wewe unayesema ni qadar, kweli ni qadar, hakuna linalotokea bila idhini ya Allah. Lakini Aliyekadiria kitu kivunjike ndiye aliyeweka hukumu ya kulipa. Umeamini qadar, amini na hukumu.

MTUME (s.a.w) ALIFANYAJE?

Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a), katika Sahihi Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w) alikuwa kwa mmoja wa wakeze. Mke mwingine akamtuma mtumishi na chombo cha chakula. Yule mwenye nyumba akaupiga mkono wa mtumishi, chombo kikavunjika. Mtume (s.a.w) akakusanya vipande na chakula, akawaeleza waliokuwepo kuwa mama yenu ameingiwa na wivu. Hakutukana, hakupiga kelele mbele ya wageni. Lakini je, mambo yaliishia hapo? Hapana. Alimzuia mtumishi asiondoke mpaka kikaletwa chombo kizima kutoka nyumba ya aliyevunja, akampelekea aliyevunjiwa. Kile kilichovunjika kikabaki kwa aliyekivunja.

Utasema, "Sheikh, yule alivunja kwa hasira, si bahati mbaya." Sawa. Basi njoo kwenye kisa cha Safwan bin Umayya. Wakati wa Hunayn Mtume (s.a.w) aliazima deraya kwake, na Safwan wakati huo hajasilimu bado. Akauliza kama zinachukuliwa kwa nguvu. Akajibiwa kuwa ni azima yenye dhamana. Baada ya vita baadhi zikapotea. Hakuna aliyekusudia zipotee, ni vita. Mtume (s.a.w) akajitolea kuzilipa. Safwan ndiye aliyekataa kulipwa, kwa kuwa Uislamu ulikuwa umeshaingia moyoni mwake.

Soma kisa hiki mara mbili. Nani alianza? Aliyeazima alianza kwa kusema NITALIPA. Kisha mwenye mali, kwa moyo wake, akasema nimeacha. Huo ndio mpangilio. Sisi tumeugeuza: aliyeharibu amekaa kimya, na mwenye mali ndiye anayesukumwa aseme nimesamehe.

Na msamaha wa kusukumwa si msamaha. Wanazuoni wametahadharisha kuwa mali inayochukuliwa kwa kumtia mtu haya mbele za watu hukumu yake ni kama iliyochukuliwa kwa nguvu. Ule ulimi wa dada ulisema nimesamehe, na macho yalikuwa yanalia. Mnataka kulitumia neno hilo mbele ya Allah?

SASA NA WEWE UNAYEDAI

Usifurahi sana, zamu yako imefika. Wapo watu wakivunjiwa kitu wanaona riziki imeshuka. Simu ina miaka minne, kioo kilikuwa na ufa tangu zamani, mtoto wa dada yake ameiangusha, anadai simu MPYA! Hiyo ni dhulma. Hukumu ni kupewa kinachofanana na chako, na kama hakuna, thamani ya kitu kilivyokuwa siku kilipoharibika. Kilichokuwa kikuukuu kinalipwa kama kikuukuu. Kama kinatengenezeka, haki yako ni kile kilichopungua. Ziada ni haramu uliyoivika nguo ya haki.

Na mwenye deni akiwa hana, Allah amekuamrisha umsubiri mpaka apate wepesi, na ukimwachia ni bora zaidi kwako. Iko katika Suratul Baqara, aya ya 280. Kudai ni haki yako. Kumtangaza kwenye kundi la familia, kumkatia salamu, kutohudhuria msiba wake kwa sababu ya televisheni, hiyo si haki yako.

NA YULE DADA WA KAZI?

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mtoto wa kaka akivunja jagi, tunasema "mtoto huyo, jamani". Dada wa kazi akivunja glasi moja kwa mkono wenye sabuni, mwisho wa mwezi mshahara umekatwa!

Subhanallah. Elimu imekaa kinyume na mazoea yetu. Mfanyakazi wa nyumbani mkono wake ni mkono wa amana. Kwa wanazuoni wengi halipi kilichoharibika akiwa katika kazi uliyomtuma, ila akifanya uzembe au kuvuka mpaka. Aliyeazima ndiye mwenye jukumu zito: katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, kitu cha kuazima kikiharibika nje ya matumizi uliyoruhusiwa unalipa hata kama hukuzembea. Wahanafi wanasema halipi ila akizembea. Lakini huyu wifi hata kuazima hakuazima. Alikigusa cha mtu bila idhini.

Kwa hiyo tumemsamehe mwenye deni na tumemtoza asiye na deni. Kwa nini? Kwa sababu mmoja ana mama wa kumtetea kikaoni, na mwingine mama yake yuko kijijini. Hiyo si sheria ya Allah. Hiyo ni sheria ya mwenye nguvu.

FANYA HIVI

1. Umeharibu kitu cha mtu? Usisubiri kudaiwa. Nenda mwenyewe, sema: "Nimekiharibu, nisamehe, nitalipa." Huna yote, toa kidogo kidogo. Dawa ya deni ni kulipa.

2. Mtoto wako ameharibu? Usijifiche nyuma ya utoto wake. Wanazuoni wamesema kilichoharibiwa na mtoto kinadhaminiwa, na asili yake ni katika mali ya mtoto mwenyewe. Wako hana mali, na wewe ndiye uliyemwacha acheze juu ya meza ya watu. Toa.

3. Wewe ndiye mwenye kitu? Ukisamehe kwa radhi, ujira wako uko kwa Allah. Ukidai, dai kwa upole na kwa kipimo.

4. Wewe ni mzee wa familia? Ukitaka yaishe, njia ni rahisi: ingiza mkono mfukoni, lipa wewe. Hiyo ndiyo sulhu. Undugu ni kufaana. Usifanye ukarimu kwa mali ya mkwe wako.

5. Ulimkata dada wa kazi mshahara kwa sahani iliyomponyoka? Mrudishie leo kabla hujalala.

Mtume (s.a.w) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akasita kumswalia mpaka sahaba mmoja akalibeba deni lile. Ndugu yangu, usije ukalala kaburini na cherehani ya wifi yako mgongoni, kwa kuwa tu kikao kilikwambia umeshasamehewa.

Ee Allah, tusafishie mali zetu, na utuunganishie udugu wetu kwa haki, si kwa kudhulumiana. Aamiin.

Wallahu a'lam. Mfikishie ndugu yako, na uanze na nafsi yako.